Hausingi inavuja jasho: niongeze moto, au ninunue programu ya simulesheni?

"Salaam aleikum, mtaalamu. Tuna karakana ndogo ya kusubu aluminiamu hapa Changamwe, watu sita. Kazi inayotulisha ni hausingi za wota pampu za malori, kilo 2.6 kila moja, tunazisubu kwa mchanga mbichi (wenye unyevu na udongo wa kuushikanisha). Tunayeyusha rimu kuukuu na pistoni. Kwa nje zinatoka safi. Zikishakerezwa, pale kwenye kinundu cha shafti panatokea matundu, na tukizijaribu kwa maji karibu moja katika kila nne inavuja jasho. Kinundu kina kipenyo cha milimita 40 na kimo cha 40, tunakisubu kikiwa kizima na tundu la shafti la milimita 20 linatobolewa baadaye. Ukuta unaokishika ni milimita 8. Wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Mzee wetu wa tanuri anasema tunamimina uji (aluminiamu iliyoyeyuka) ukiwa baridi, tuongeze moto. Mpwa wangu aliyesomea uhandisi anasema tununue programu ya kompyuta inayoonyesha aluminiamu inavyoingia na kuganda. Muuzaji ametuletea picha za rangi, akasema matundu yatakwisha. Nimfuate nani?"

Waaleikum salaam. Moto usiongeze. Programu usinunue kwa sasa. Hata hivyo mpwa wako hakukosea kuitaja, kwa sababu tatizo lako ni la aina ambayo simulesheni huliona vizuri sana. Aliyekosea ni muuzaji. Programu haizibi tundu. Inakadiria tu mahali gani patachelewa kuganda na uji utapita wapi kwa kasi gani. Kuziba ni kazi ya patani (kielelezo kinachochapa umbo mchangani), raiza (akiba ya uji inayolisha kazi inapoganda) na mchanga, na hizo ziko mikononi mwenu.

Kabla ya kompyuta, chukua msumeno. Kusanya hausingi tatu zilizovuja, uzikate katikati ya kinundu, upige tupa, kisha msasa mpaka namba 600, uangalie kwa kioo cha kukuza. Matundu ya gesi ni ya mviringo, kuta zake laini na zinang'aa, na hutawanyika huku na huku, mengi yakiwa upande wa juu wa kalibu (umbo la mchanga linalomiminiwa uji). Matundu ya kusinyaa yana kingo za kukwaruza, ndani yake mna miiba midogo kama tumbawe, na hukusanyika mahali pamoja: katikati ya kinundu au pale kinapoungana na ukuta. Wewe umesema yanatokea palepale kila mara. Hiyo ni dalili ya kusinyaa. Umesema pia masika huyazidisha, na hiyo ni dalili ya gesi. Mara nyingi vyote viwili huwa pamoja, maana gesi hulifungulia mlango tundu la kusinyaa. Ila lazima ujue kipi ndicho kikubwa, kwa sababu programu nyingi zinazouzwa hushughulikia kusinyaa vizuri na gesi kidogo sana au hapana kabisa.

Sasa kwa nini kinundu, si ukuta? Aluminiamu yenye silikoni, kama ile ya rimu, hupungua ujazo kwa asilimia 5 hadi 6 inapotoka uji kuwa ngumu. Kinundu chako kina sentimita za ujazo 50 hivi. Upungufu wake ni karibu sentimita za ujazo 2.8, yaani zaidi ya nusu ya kijiko cha chai. Uji wa kujaza nafasi hiyo lazima utoke mahali. Ukitoka, hakuna tundu. Usipotoka, tundu halina budi kuwepo.

Muda wa kuganda hufuata kanuni aliyoieleza Chvorinov mwaka 1940: gawa ujazo wa sehemu kwa eneo linalotoa joto, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe. Ukuta wa milimita 8 unapoa pande mbili, kwa hiyo kipimo chake ni milimita 4. Kinundu kinapoa ubavuni na upande mmoja wa mwisho. Ujazo ni milimita za ujazo 50,265, eneo ni milimita za mraba 6,283, kipimo ni 8. Nane kwa nne ni mara mbili, na mbili kwa mbili ni nne. Kinundu kinahitaji muda mara nne ya ukuta. Kama geti lako (mlango wa uji kuingia kwenye kazi) linaingilia ukutani, kama ilivyo kwa wengi, basi ukuta ukishaganda njia imefungwa na kinundu kimebaki kisiwa chenye uji ndani. Kila kisiwa cha namna hiyo huacha tundu.

Ndipo utaona kwa nini moto hausaidii. Mzee wenu hakutoa wazo lake hewani: uji ukiwa baridi kweli, kuta nyembamba huacha mshono baridi au hazijai, na dawa ya hilo ni joto. Lakini hausingi zako zinajaa na kwa nje ni safi, hivyo ugonjwa ni mwingine. Ukipandisha joto, uji unaosinyaa unakuwa mwingi zaidi, na unafyonza gesi zaidi. Uwezo wa aluminiamu kubeba haidrojeni unakaribia kuongezeka maradufu kati ya nyuzi 700 na 800. Inapoganda, uwezo huo unashuka ghafla hadi karibu sehemu moja ya ishirini, na haidrojeni iliyozidi haina pa kwenda ila kutengeneza viputo. Kwa ukuta wa milimita 8, nyuzi 710 hadi 730 kwenye kijiko cha kumiminia zinatosha. Zipime kwa themokapo (waya za kupimia joto) ya aina ya K, msikisie kwa macho: aluminiamu ikiwa nyuzi 700 au 780, chini ya jua la mchana hutaona tofauti ya rangi.

Njoo sasa kwenye kompyuta. Programu inachukua mchoro wa pande tatu wa hausingi pamoja na geti, raiza na kalibu, inaukata kuwa vichumba vidogo vya mraba, na kwa kila kichumba inapiga hesabu ya joto na mwendo, hatua kwa hatua ya muda. Inakumbuka pia joto fiche: kilo moja ya aloi ya rimu hutoa karibu kilojuli 390 inapoganda tu, sawa na joto ambalo ingelitoa kwa kupoa nyuzi 400 nzima. Hapo ndipo hesabu ya kichwani hushindwa. Mwisho wake unapata picha mbili za maana: saa ya kuganda ya kila sehemu, na kasi ya uji unapoingia. Mengine ni mapambo. Ile picha ya kukisia matundu ya kusinyaa, wanayoiita kigezo cha Niyama, muuzaji akikuonyesha, muulize mpaka wa hatari ameuweka wapi na kwa nini. Kigezo hicho kilitolewa mwaka 1982 kwa ajili ya feleji, si aluminiamu. Kwako kinaweza kulinganisha mchoro mmoja na mwingine, hakiwezi kukuapia kwamba hausingi haitavuja.

Ukubwa wa vichumba ni jambo la kuuliza pia. Ukuta wa milimita 8 unataka angalau vichumba vitatu au vinne katika unene wake, kwa hiyo milimita 2 kwa kimoja. Kalibu ya milimita 300 kwa 300 kwa 200 inakuwa na vichumba 2,250,000. Kompyuta nzuri ya mezani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inaibeba. Ukitaka milimita 1, vichumba vinazidi mara nane na hatua za muda nazo zinafupika, hivyo kazi ya usiku mmoja inaweza kuwa ya wiki mbili. Picha laini sana iliyotoka kwa dakika tano ni ya kuitilia shaka.

Yapo ambayo kompyuta haiyajui kabisa usipoyapima wewe. Haijui aloi yako (mchanganyiko wako wa metali). Ndani ya orodha yake kuna aloi ya A356, ambayo ndiyo ya rimu nyingi, yenye silikoni karibu asilimia 7, inayoanza kuganda karibu na nyuzi 615. Pistoni zina silikoni asilimia 11 hadi 13 na shaba juu yake, nazo huganda kwa namna nyingine. Mchanganyiko wako unabadilika kila mzigo wa skrapu, na mtu akitupia fremu za madirisha ndani, umekwenda mbali zaidi. Kisha kuna feri, yaani chuma: A356 halisi hairuhusu zaidi ya asilimia 0.20, na pini za chuma zilizosahaulika ndani ya pistoni huipandisha haraka. Feri ikizidi huota sindano ngumu zinazoziba njia za uji mwembamba unaojaribu kufika kwenye kinundu. Simulesheni ya A356 safi itakuambia njia iko wazi wakati kwako imezibwa.

Haijui mchanga wako. Wa kwenye orodha ni silika kavu iliyopimwa maabara. Mchanga wa ufuoni mwetu una kombe na matumbawe yaliyosagika, na chumvi yake huudhoofisha udongo wa bentonaiti, fundi akajikuta anaongeza maji ili ushikane. Haijui pia kwamba ni mwezi wa tano na rimu zimelala nje kwenye mvua. Maji yakikutana na uji wa aluminiamu, oksijeni inabaki kwenye aluminiamu na haidrojeni inaingia ndani ya uji. Ndiyo sababu masika yako ni mabaya. (Na hilo si la matundu tu: rimu yenye maji ndani ikitumbukizwa kwenye uji hulipuka na kuwarushia watu moto. Skrapu ikaukie juu ya tanuri kwanza, siku zote.)

Basi kwa gesi, dawa haiko kwenye kompyuta. Choma rangi na mafuta ya rimu kabla. Pasha chungu na vijiko mpaka vikauke kabisa. Punguza unyevu wa mchanga hadi asilimia 3 au 4. Pima gramu 50 za mchanga, uzikaushe kwenye kikaango, upime tena, tofauti zidisha kwa mbili ndiyo asilimia. Pitisha naitrojeni kavu au argoni ndani ya uji kwa mrija wa grafiti dakika 10 hadi 15, kwenye nyuzi 700 hadi 720, viputo viwe vidogo na juu pasichafuke. Vidonge vya klorini vinafanya kazi, lakini moshi wake ni sumu na sivipendekezi kwenye karakana iliyofungwa. Kisha jaribu: gandisha sampuli moja hewani na nyingine ndani ya kopo la vakyumu la milibari 80. Zipime uzito hewani na ndani ya maji upate msongamano wa kila moja. Tofauti ikigawanywa kwa ule msongamano wa hewani na kuzidishwa kwa 100 isizidi 2 au 3. Kipimo hiki kinagharimu pampu ndogo na mizani, na kitakufaa kila asubuhi ya masika.

Kwa kusinyaa, anza na kalamu. Raiza ikae juu ya kinundu chenyewe, na ichelewe kuganda kukishinda: kipimo chake kiwe mara 1.2 ya kinundu, yaani milimita 9.6. Raiza ya kipenyo cha milimita 50 na kimo cha 75 ina kipimo cha karibu 10.7. Inatosha. Lakini uwe na shingo fupi, na shingo hiyo nayo isigande kabla ya kinundu. Nyingi hushindwa hapo. Jua pia kwamba raiza ya kawaida ya mchanga hutoa asilimia 14 tu ya ujazo wake, iliyobaki inaganda pale pale. Yako ya sentimita za ujazo 147 itatoa kama 20, na baada ya kutoa sehemu ya kujilisha yenyewe, inaweza kulisha sentimita za ujazo zipatazo 220 za kazi. Kinundu ni 50. Una nafasi.

Njia ya pili ni kuweka kipande cha chuma cha kupoza kwenye mchanga, kikigusa ubavu wa kinundu, ili kigande mapema. Ni rahisi na haili aluminiamu. Kwa Mombasa ina mtego wake: chuma baridi ndani ya kalibu yenye unyevu hutoa jasho, na jasho hilo hutupa viputo palepale ulipotaka pawe pazuri. Kipashe moto, kipake grafiti, kiweke, funga kalibu na mimina bila kukilaza hapo mpaka baada ya chakula cha mchana.

Ya tatu ni kuacha kusubu kinundu kizima. Weka kori (kipande cha mchanga kinachoacha tundu ndani ya kazi) ya milimita 16, uache milimita 2 kila upande za kutobolea. Na hapa ndipo kalamu inapokwama. Kori nyembamba iliyozungukwa na uji hupata moto upesi, halafu haipozi tena. Ukiihesabu kama inapoza sawasawa na mchanga wa nje, kipimo cha kinundu kinashuka hadi kama 5.2. Ukiihesabu kama haipozi hata kidogo, ni 6.9, na muda wa kuganda bado ni mara tatu ya ukuta. Ukweli uko katikati, na mahali gani hasa hakuna mtu atakayekuambia kwa kukisia. Simulesheni itakuambia, kwa usiku mmoja, bila kuchonga patani wala kuunguza mafuta. Hiyo ndiyo kazi yake halali.

Kazi yake nyingine halali ni kasi. Uji wa aluminiamu ukiingia kwenye kalibu kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde, ngozi yake ya oksidi hujikunja na kuingia ndani, na mikunjo hiyo huwa nyufa zisizoonekana ambazo maji hupitia. Ukiudondosha kutoka kimo cha milimita 200 tu, unafika chini ukiwa na mita 2 kwa sekunde. Tuseme unamimina kilo 4 pamoja na raiza na mifereji, kwa sekunde 8: hizo ni sentimita za ujazo 208 kila sekunde. Mageti yote pamoja yanahitaji eneo la sentimita za mraba 4.2 kwa uchache, na mfereji wa kushukia uwe mwembamba chini, kipenyo kama milimita 11.5, ili ujae na usivute hewa. Wengi hufanya kinyume: bomba pana la kushukia, geti jembamba. Kichujio cha povu la kauri chini ya mfereji husaidia kuutuliza. Hesabu hii inakupa mwanzo mzuri, lakini kama mfereji una kona na mageti matatu, ni programu tu itakayoonyesha kwamba geti la mwisho linabeba karibu uji wote.

Kuhusu pesa. Programu kubwa kama MAGMASOFT, ProCAST na FLOW-3D CAST ni nzuri, na viwanda vinavyotoa patani mpya kila wiki vinazihitaji. Wewe una hausingi moja inayokusumbua. Leseni ya mwaka kwa tatizo moja ni kununua meli ili uvuke Likoni. Muombe muuzaji akufanyie hausingi hii moja kwa malipo ya kazi, michoro miwili au mitatu. Au mpwa wako aanze na za bure: FreeCAD kwa mchoro, Elmer kwa hesabu ya joto na kuganda. OpenFOAM kwa mwendo wa uji nayo ni ya bure, ila haihurumii anayeanza. Atatumia miezi kabla ya kuiamini, na wewe umlipe kwa miezi hiyo. Kwa kinundu, hesabu ya joto peke yake inatosha.

Yeyote utakayempa kazi, mjaribu hivi. Mpe mchoro wa hausingi yako ya sasa, ile inayovuja, pamoja na namba ulizopima: joto la uji, sekunde za kumimina (zirekodi kwa video ya simu), majibu ya maabara ya aloi. Usimwambie matundu yako wapi. Mwache programu yake iseme. Kisha mtolee kile kipande ulichokikata kwa msumeno. Picha yake ikionyesha kisiwa kwenye kinundu, endelea naye kwenye mchoro mpya. Ikikosa, mpe nafasi moja ya kurekebisha, kwa kuchomeka themokapo mbili ndani ya kalibu, moja kwenye kinundu na moja ukutani, alinganishe saa za kuganda za kweli na zake. Hitilafu kubwa kwa kawaida iko kwenye namba ya joto linalovuka kutoka aluminiamu kwenda mchangani, na hiyo hupatikana kwa kupima, haipatikani kwenye kitabu cha mtu wa nchi nyingine. Anayekataa jaribio hili amekujibu.

Kuna mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Aloi ipelekwe kupimwa kwa spektromita, kifaa kinachoonyesha metali zilizomo na kiasi chake. Ulizia kwenye idara ya uhandisi ya Technical University of Mombasa pale Tudor, au maabara ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), wanaoweza kukupokea sampuli. Kama matundu ya gesi yanabaki hata baada ya naitrojeni na mchanga mkavu, mwite mtu asimame karibu na tanuri lenu siku nzima, maana mara nyingi sababu ni kitendo kidogo ambacho hakuna anayekitaja kwa kuwa kila mtu amekizoea. Majaribio ya uvujaji endeleeni kuyafanya kwa maji, bari 2 zinatosha. Msijaze hewa ya kompresa kwenye hausingi mbichi mkiwa mmeinama juu yake. Na kama mteja atakuja na oda ya sehemu za breki, usukani au za kubeba gurudumu, skrapu ya mchanganyiko isiguswe kwa kazi hiyo hata simulesheni iwe ya kijani tupu. Hizo zinataka aloi yenye cheti na kupigwa eksirei.

Kwa wiki hii: kata tatu, pima joto, hamisha raiza juu ya kinundu, subu kumi kwa siku moja, ziandike namba kwa patasi kabla hazijachanganyika, na ukate mbili kati yake hata kama hazivuji.